Bwana Waya na Betri Iliyovuja

Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa, basi. Kwingine kote aliitwa Bwana Waya. Waliomtungia jina hilo ni wenzake wa kazini, kwa sababu kwa miaka ishirini na tisa alishinda kwenye jengo la simu, ghorofa ya pili, katikati ya makabati yaliyosheheni nyaya za kila rangi. Laini ya mtu ikikatika, wengine walifungua michoro. Yeye aliinamisha kichwa, akapitisha vidole taratibu, kisha akasema, "Huyu hapa mkorofi." Na kweli mkorofi alikuwa hapo.

Lakini simu zilikuwa kazi tu. Mapenzi yake yalikuwa kompyuta, na wala si hizi nyembamba za siku hizi zinazofungwa kama daftari. Alipenda zile za kale, za majumbani, ambazo mashine nzima imo ndani ya kibodi. Unaichomeka kwenye televisheni, unaiwekea kaseti, unangoja robo saa huku kanda ikilia kama paka aliyebanwa mkia, na ukiwa na bahati mchezo unatokea kwenye kioo. Ukikosa bahati unarudisha kanda nyuma na kuanza upya. Ya kwanza aliipata kabla hajaoa, ofisi moja ilipohama na kuiacha kwenye sanduku pamoja na mapazia mabovu. Alipostaafu alikuwa nazo saba, zimepangwa kwenye rafu za chumba cha nyuma, kila moja na historia yake ya magonjwa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyotetemeka. Mashine zile aliziita wake wenza.

"Mimi ni mke wa nane nyumba hii," aliwaambia wageni. "Wale saba wanafutwa vumbi kila Jumamosi. Mimi nani aliwahi kunifuta vumbi?"

"Wale hawajui kununa, mama watoto," Bwana Waya alijibu, na wageni wakacheka, na yeye mwenyewe mama watoto akacheka, maana utani huo ulikuwa mkongwe kuliko watoto wao.

Jumamosi ndiyo siku aliyokuja Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mrefu, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa, na ndiye mtu pekee katika mji ule aliyeelewa kwa nini mtu mzima ahangaike na mashine ambayo kumbukumbu yake yote haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Waliandika programu pamoja, mmoja akisoma na mwingine akibonyeza. Wakati fulani walitafuta kosa moja kwa miezi mitatu, wakagombana, wakanuniana, na mwishowe likawa ni koma. Siku waliyoliona walicheka hadi mama watoto akaja mlangoni na sindano mdomoni kuuliza kama kuna msiba.

Basi ikawa asubuhi moja, katikati ya wiki, Bwana Waya aliifungua ile mashine yake ya ujanani. Saa yake ilikuwa imeanza kupoteza dakika. Ndani, kwenye kadi aliyoiongeza mwenyewe zamani, mlikuwa na betri ndogo yenye umbo la pipa, ya kuifanya mashine ikumbuke saa hata ikizimwa. Betri za namna hiyo zikizeeka hutapika. Yake ilikuwa imeanza: ukoga wa kijani kwenye miguu yake miwili, mdogo tu, kama chumvi ukingoni mwa sufuria. Aliguna. Hakuogopa, maana alikuwa amewahi. Kazi yake ilikuwa kuing'oa, kupaka siki ili kuua ile sumu, kufuta kwa spiriti, na kukausha. Nusu saa, chai ikiwemo. Isipong'olewa, sumu ile hutambaa chini ya rangi ya bodi na kuzila njia za shaba moja baada ya nyingine, kimyakimya kama mchwa kwenye dari.

Akachomeka chuma cha kulehemu kipate moto. Akanyoosha mkono wa kulia kukichukua, na mkono haukwenda.

Aliutazama. Ulikuwa umelala mezani kama wa mtu mwingine. Akataka kumwita mkewe na akasikia sauti inatoka, lakini halikuwa jina la mtu yeyote. Chumba kikainama. Chuma kikaanguka juu ya meza ya mbao, na ni harufu ya mbao kuungua iliyomleta mama watoto, kwa sababu kishindo hakuwa amekisikia. Cherehani ilikuwa ikilia.

Kilikuwa ni kiharusi. Alilazwa wiki tatu. Mguu wa kulia ulirudi kidogo, ukawa wa kuburuzwa. Mkono haukurudi. Na maneno yote aliyokuwa nayo tangu utotoni, ya kazini, ya nyumbani, ya utani, yalifungiwa mahali asipoweza kuyafikia. Lilibaki moja tu. Halikuwa jina la mkewe wala la binti yao. Lilikuwa "kesho".

Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo: mgonjwa huachiwa neno moja, na kila atakachotaka kusema hutoka kwa neno hilo. Akili iko, anaelewa, ila njia ya kutokea imeziba. Hata kuandika ni vivyo hivyo. Walipompa kalamu mkono wa kushoto, alichora mistari miwili na duara, akaitazama karatasi kama mtu anayesoma lugha ya kigeni.

"Una njaa, baba watoto?"

"Kesho."

"Utakula kesho? Basi leo nile peke yangu." Alicheka ili asilie. Naye Bwana Waya akacheka upande mmoja wa uso, ili mkewe asilie.

Ndani, mambo yalikuwa wazi. Hilo ndilo lililomtesa. Neno betri alikuwa nalo, analiona, analijua umbo na uzito wake. Alilishika, akalibeba hadi mlangoni mwa kinywa, akalisukuma, na likitoka lilikuwa kesho. Tangu siku ya pili hospitalini, alipotambua yuko wapi, alikuwa akiwaza: imeachwa wazi mezani na betri ndani. Wiki moja haina neno. Wiki mbili, si haba. Wiki tatu...

Siku aliyorudi nyumbani mkewe alimshika kiuno, akamwongoza polepole hadi chumba cha nyuma. Alikuwa amekifagia na kukipiga deki. Juu ya meza, ile mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa kipya cha maua, chenye pindo safi kabisa.

"Niliikuta imepasuliwa tumbo, maskini," mama watoto alisema. "Nikaona haya kumwacha mwenzangu vile. Nimeirudishia kifuniko, nimeikaza, nimeishonea na nguo. Unaona? Na wewe useme sina roho nzuri."

Bwana Waya alikitazama kitambaa. Alijua kilichokuwa chini yake. Akanyoosha mkono wa kushoto. "Kesho," akasema. "Kesho! Kesho, kesho!"

"Ndiyo," mkewe akasema, na machozi yakamlengalenga kwa furaha. "Kesho utapona, utaishika mwenyewe."

Alijaribu kukivuta kitambaa. Mguu ukamsaliti, akayumba, wakaanguka wote wawili juu ya kiti. Binti yao, mkunga, aliyekuwa amekuja kuwasaidia, alimwinua na kumpima presha. Ilikuwa juu. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu: kila akifika kwenye chumba kile anapandwa na ghadhabu, anatokwa jasho, analia.

"Mama, kile chumba kinamkumbusha," binti alisema sebuleni, mbele yake, kama watu wanavyosema mbele ya mtoto mchanga. "Anaona alivyokuwa na alivyo. Tukifunge kwa muda, presha ishuke."

Wakakifunga. Ufunguo ukatundikwa msumarini, juu, upande ambao ni mkono wake wa kulia tu ungeufikia.

Mtu asidhani hakujaribu. Alijaribu kila alilokuwa nalo. Jioni moja alichukua rimoti ya televisheni, akaibana kati ya magoti, akang'oa mfuniko kwa kidole gumba, akatoa betri moja na kumwekea mkewe kiganjani. Kisha akaelekeza kidole kwenye ukumbi, kwenye mlango uliofungwa. Kulikuwa na namna gani nyingine ya kusema?

"Kumbe imeisha nguvu!" mama watoto akasema. "Nami nashangaa unabonyeza tu." Asubuhi alileta betri mpya, akazitia, akamwashia mpira, akampigapiga bega.

Wakati mwingine aliingia jikoni, akaiona chupa ya siki kwenye rafu ya chini, akaichukua na kuanza kuelekea nayo chumba cha nyuma, mguu ukiburuzika. Mkewe akamkuta njiani. "Unataka saladi? Si ungesema!" Hapo akakumbuka hawezi kusema, akaona vibaya, akambusu kichwani. Wiki nzima walikula saladi yenye siki mchana na jioni, mpaka binti akauliza kwani kuna nini.

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alikuja kila Jumanne na kadi za picha kumi na mbili: maji, chakula, choo, kitanda, maumivu, dawa, nguo, na kadhalika. Ilikuwepo ya saa ya ukutani. Bwana Waya akaikamata hiyo. Betri ilikuwa ya saa, si ndiyo? Akaigonga kadi kwa kidole, akaelekeza ukumbini, akaigonga tena.

"Anauliza saa ngapi," mtaalamu alisema kwa furaha. "Hayo ni maendeleo makubwa. Saa tano na robo, mzee."

Tangu hapo, kila alipoigusa kadi ile, walimtajia saa.

Mwalimu alikuwa hajaonekana. Alikuja hospitalini mara moja, akasimama miguuni pa kitanda akikunja na kukunjua kofia yake, akaondoka. Baadaye alikiri kwa mama watoto kwamba hakuweza kuvumilia. Kila alipofika kona ya mtaa wao, miguu ilimrudisha. Mwezi wa tano tangu kiharusi ulipoanza ndipo alipobisha hodi, na alipoketi alianza kuongea kwa sauti kubwa, kana kwamba rafiki yake amekuwa kiziwi.

"Mashine zako hazijambo? Zimetulia? Usijali, haziendi popote!"

Bwana Waya alimkamata mkono wa shati. Huyu ndiye mtu wa pekee. Huyu akiambiwa neno moja tu ataelewa yote. "Kesho," akasema, akimvuta. "Kesho."

"Kesho?" Mwalimu akamtazama. "Unataka nije kesho? Haya. Kesho nitakuja."

Na kweli alikuja. Siku ile akaombwa tena, kesho, na siku iliyofuata akaja tena. Akawa anakuja kila siku saa kumi alasiri, mtu mkweli kwa ahadi ambazo hakuna aliyemwomba. Walikaa sebuleni. Mwalimu alisoma gazeti kwa sauti. Bwana Waya alitazama ufunguo msumarini.

Wiki mbili zikapita hivyo. Ndipo siku moja Mwalimu akachoka na kiti. "Shemeji," akasema, "sisi hapa tumekaa kama watu walioleta posa. Tufungulie chumba chetu, tukae na mashine zetu. Akipandwa na hasira nitakuwepo."

Mama watoto alisita, akauangalia mlango, akamwangalia mumewe. Alivyokuwa ameinuka nusu kwenye kiti, ameshika mkongojo, uso wote umejaa kuomba! Akautungua ufunguo.

Bwana Waya hakungoja kushikwa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakivuta kile kitambaa cha maua kikaanguka sakafuni, akaweka kiganja juu ya mashine na kumtazama Mwalimu.

"Anataka tuifungue," Mwalimu akasema. "Lete bisibisi, shemeji."

Kifuniko kilipotoka, Mwalimu aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa bodi. 

"Masalale! Betri imetapika."

Ukoga ulikuwa umeenea kama kuvu kwenye mkate. Miguu ya betri haikuonekana tena. Kadi yote upande ule ilikuwa ya kijani, na uchafu ulikuwa umeshuka kwenye bodi kubwa chini yake, ukaingia kwenye soketi za vipande viwili vikubwa, ubongo wa mashine. Mwalimu alimweleza mama watoto ilivyo: kitu hiki kikivuja hula shaba, dawa yake ni kukitoa mapema na kupaka siki.

"Siki?" mama watoto akasema.

Bwana Waya aliona jinsi kilivyomfikia, kimoja baada ya kingine: siki, betri ya rimoti, kadi ya saa, vilio vya mlangoni. Aliuona uso wa mkewe ukibadilika, akatamani angeweza kuuzuia.

"Miezi minne na nusu," mama watoto akasema. "Miezi minne na nusu unaniambia, na mimi nakukatia matango."

Alikwenda jikoni, akarudi na siki na mswaki wa zamani, akafunga kitambaa kichwani kama mtu anayeingia shambani. Mwalimu mikono ilikuwa mizima lakini macho hayakufaa. Alikuwa akingoja kufanyiwa upasuaji wa jicho. "Basi nitafanya mimi," mama watoto akasema. "Nimetunga uzi kwenye sindano miaka arobaini. Niambieni tu wapi."

Aliikata betri kwa koleo, akasugua kwa siki. Povu dogo likatoka, ukoga ukalegea, na kila alipofuta walizidi kuona hasara. Pale palipotakiwa kuwa na njia za shaba palikuwa na mistari myeusi, iliyokatika vipande vipande. Mwalimu alisema labda mashine itaamka wakiziunganisha kwa nyaya nyembamba zile njia tisa zilizokatika. Akachomeka chuma cha kulehemu, akamwonyesha namna ya kukishika.

Bwana Waya alikaa upande wa pili wa meza. Alijua yote. Alijua kwamba shaba iliyoliwa lazima ikwanguliwe ing'ae kwanza, ndipo risasi ya kulehemu ishike. Alijua kwamba chuma kisikae mahali zaidi ya sekunde mbili, la sivyo duara la shaba litabanduka na kutoka nacho. Mkewe alikishika chuma imara kabisa, bila kutetemeka, kama alivyoshika mkasi, na akakikandamiza mahali pale, akingoja risasi iyeyuke. Ikagoma. Akazidi kukandamiza. Tatu, nne, tano.

"Kesho!" Bwana Waya akapiga kelele. "Kesho! Kesho!"

"Ndiyo, nafanya, nafanya..."

"Kesho!" Akaipiga meza kwa ngumi ya kushoto. Mkono wa mama watoto ukashtuka, chuma kikainuka, na duara la shaba likainuka nacho, limenata kwenye ncha, pamoja na kipande cha njia chenye urefu wa ukucha.

Mama watoto alikirudisha chuma kwenye kishikio chake, akakichomoa ukutani, akatoka. Walimsikia akifungua bomba jikoni na kuliacha likimwagika.

"Shemeji si fundi wa hizi," Mwalimu alisema kwa upole. "Na mimi sioni. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, bwana."

Bwana Waya alimtazama kwa hasira, maana angalau angetafuta methali nyingine. Alipenda kumwambia mkewe kwamba hana kosa lolote, kwamba ile ngumi ilikuwa yake mwenyewe. Alitaka kwenda jikoni. Aliinuka, akaburuza mguu mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya mkewe. Akatafuta neno. Alikuwa nalo; lilikuwa samahani.

"Kesho," akasema.

Mama watoto alifunga bomba. Hakugeuka kwanza. "Unanigombeza au unanibembeleza?" akauliza. "Maana mimi sijui tena, baba watoto. Kwa kweli sijui. Ulikuwa unaniita miezi yote ile, nami sikusikia, na hata leo ukiniita sitasikia."

Bwana Waya akamwekea mkono begani. Ndio pekee aliokuwa nao wa kuweka.

Siku kumi walijaribu, alasiri baada ya alasiri. Mama watoto alijifunza kukwangua kwanza. Aligundua mwenyewe, baada ya kuharibu njia nyingine mbili. Nyaya tisa zikawa kumi na nne. Mwisho waliiunganisha na televisheni na kuiwasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Kioo kikawa cheusi, kikabaki cheusi. Wakazima, wakawasha. Mwalimu akagonga pembeni kwa kiganja, jambo ambalo Bwana Waya hangeliruhusu enzi zake. Kikabaki cheusi. Mwalimu akasema pengine zile soketi, au kipande kikubwa chenyewe kimekufa, na kipande kama hicho hakitengenezwi tena popote. Akasema atawaandikia watu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetarajia kujibiwa.

Mama watoto ndiye aliyeuliza kuhusu zile sita. Hakuna aliyelifikiria. Wakazifungua zote; mbili zilikuwa na betri za namna ile, moja nzima, moja imeanza kuvimba. Akazikata zote mbili, akapaka siki hata ile isiyohitaji.

Sasa chumba hakifungwi. Bwana Waya anatembea vizuri zaidi kidogo, na mtaalamu wa Jumanne anasema huenda maneno mengine yakaja, huenda yasije, hajui. Alasiri moja alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkewe na rafiki yake wakiirudishia vifuniko ile mashine ya sita. Misumari ya kuzungusha ilikuwa imechanganyika kwenye kisahani. Mwalimu alisema mirefu ni ya mbele. Mama watoto alisema ya nyuma, anakumbuka kwa macho yake. Wakabishana kwa raha, kama ndugu. Bwana Waya alijua: mirefu ni ya katikati, na kwingine kote ni mifupi. Msumari mrefu ukiwekwa mbele au nyuma huchomoza ndani na kugusa bodi.

Mama watoto aliuweka wa kwanza mbele. Akamgeukia mumewe. "Si hivi, baba watoto?"

Akatikisa kichwa kukataa. Mkewe akautoa, akauweka nyuma. Bwana Waya akatikisa kichwa tena. "Anachoka," Mwalimu akasema. "Mwache apumzike." Bisibisi ikaanza kuzunguka. Bwana Waya aligeuza uso, akatazama nje, ambako mtu fulani alikuwa akianua nguo kwenye kamba, moja moja, bila haraka.